Msimu wa Embe: Neema Isiyo na Mpokezi

Mgeni anayeingia mjini Unguja kwa mara ya kwanza, akataka kuujua mji kwa majina ya mitaa yake, hafiki mbali kabla hajakutana na mwembe. Ataelekezwa Mwembetanga, atapelekwa Mwembeladu, atapitishwa Mwembeshauri na Mwembemakumbi. Akitoka mjini kuelekea kusini, atapita Bungi chini ya safu za miembe mikongwe ambayo masimulizi yanaihusisha na Bi Khole, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Mgeni huyo atakuwa na haki ya kudhani kwamba amefika katika nchi ya watu wanaoithamini embe, maana watu hawaiiti mitaa yao kwa jina la kitu wasichokithamini.

Lakini mgeni huyo huyo akija katika miezi ya Disemba na Januari, akaingia mashambani Unguja au Pemba, atauliza swali jengine. Atakuta chini ya kila mwembe zulia la embe zilizopasuka, zilizooza na zilizojaa funza. Boribo, dodo, sindano, viringe na shomari, zote zimelala pamoja bila ya kubaguana. Harufu yake humpokea mtu kabla hajaiona nyumba. Kuku wamekwisha kinai, ng'ombe wamekwisha kinai, na watoto, ambao mwanzoni mwa msimu walikuwa wakirushiana maneno juu ya embe moja, sasa wanazitumia kulengea shabaha.

Siku moja katika msimu kama huo nilimkuta mzee mmoja, katika kijiji ambacho si lazima nikitaje, akizichota embe kwa beleshi na kuzitia shimoni. Baada ya kumwamkia nilimwuliza, "Mzee wangu, hii si mali inayofukiwa?" Akaegemea beleshi lake akanijibu, "Mwanangu, mali ni kile kinachoulizwa bei. Hizi tangu zianze kuiva hapana aliyeniuliza." Akanieleza kwamba alipakia mapakacha yake mara moja tu kwenda sokoni, na alichokipata hakikurudisha hata nauli ya gari. Tangu siku hiyo aliona afadhali kulipa nguvu za mikono yake kufukia kuliko kulipa fedha kwenda kudharauliwa.

Jawabu la mzee yule limenikaa moyoni kwa sababu linapingana na maelezo tuliyoyazoea katika mikutano yetu. Linapozungumzwa suala la matunda kuoza, husemwa kwamba wananchi hawana elimu ya kuhifadhi, na dawa inayopendekezwa ni semina. Semina si kitu kibaya, nami nimehudhuria nyingi. Lakini ni nani katika visiwa hivi asiyejua kuanika?

Sisi ni watu wa karafuu. Kwa karibu miaka 200 tumekuwa tukizichuma, tukizichambua na kuzianika juu ya majamvi na sakafu, na hapana mtoto wa Pemba asiyejua kwamba wingu likitanda mchezo huachwa na jamvi hukimbiliwa. Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza kushika kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja, kina mama wamekuwa wakitoka baharini na mizigo ya mwani na kuuanika mpaka ukauke sawasawa. Wavuvi wetu na wafanyabiashara wa dagaa huwachemsha dagaa kwa maji ya chumvi, wakawatandaza juani, na wanunuzi wakaja kuwachukua kutoka hata Kongo. Visiwa vizima ni uwanja wa kuanikia. Mtu anayejua kuikausha karafuu isiingie ukungu hahitaji siku tatu za semina ili ajue kukausha kipande cha embe.

Tofauti iko kwengine. Karafuu ina kituo, ina mizani, na ina bei inayojulikana kabla ya mkwezi kupanda mtini. Mwani una mnunuzi, ijapokuwa bei yake imewaliza kina mama mara nyingi. Dagaa ana mtu anayemsubiri ufukweni. Embe peke yake ndiyo inayotoka mtini bila ya kujua inakwenda kwa nani. Kwa hivyo huanguka, na ikishaanguka huitwa takataka.

Isidhaniwe kwamba lawama yote naipeleka upande mmoja. Sisi wenyewe wenye miti tuna makosa yetu. Tunaziangua embe kwa mawe na kwa magongo, zikafika chini zimepasuka, kisha tunashangaa mnunuzi akizikataa. Mchumaji mwenye kigoe chenye mfuko mdomoni, au angalau watu wawili waliokunja gunia kuidaka embe isigonge ardhi, huokoa nusu ya thamani kwa kazi ya dakika moja. Tena tumekuwa wepesi wa kudhani kwamba aliyenunua friza amekwisha hifadhi.

Hili la friza nalisema kwa uchungu wa mtu aliyeonja. Mwezi wa Disemba 2009 umeme ulikatika kisiwani Unguja na haukurudi mpaka Machi 2010, takriban miezi mitatu, nao ulikuwa msimu wa embe. Nyumbani kwetu tulikuwa tumekwisha kusaga na kuchuja embe za wiki nzima na kuzijaza katika vifuko. Siku ya nne tulizitoa zote tukazimwaga nyuma ya nyumba usiku, kwa kuwaonea haya majirani, na asubuhi tukagundua kwamba majirani nao walikuwa wamefanya vile vile. Shangazi yangu, ambaye hakuwa na friza na tulikuwa tukimcheka kwa chupa zake zilizopangwa chini ya kitanda, ndiye aliyetugawia achari mpaka mwezi wa sita. Aliitoa chupa moja moja, na kila chupa ilikuja na maneno yake.

Elimu ya shangazi inastahili kuandikwa, maana haikuwa ya kubahatisha. Yeye hakuwa na njia moja kwa embe zote, bali aliyafuata majira. Mwanzoni mwa msimu, mvua za vuli zikiwa bado zinapita na upepo ukiangusha embe changa zilizokwisha kukomaa kokwa, alifanya achari. Mvua zikiendelea na embe zikianza kuiva, alipika jamu, kwa kuwa jiko halingoji jua. Na kaskazi ikishika, katika siku zile kavu na kali za Januari na Februari, hapo ndipo alipoanika. Wengi wetu hufanya kinyume: tunaanika katika vuli, vipande vinaota ukungu, tunasema embe haifai kuanikwa.

Achari ndiyo yenye hatari ndogo kuliko zote na ndiyo inayofaa kuanziwa. Embe iwe ngumu na chachu. Huoshwa, ikakatwa pamoja na ganda lake, ikatiwa chumvi ya kutosha na kuachwa itoe maji, kisha vipande vikapigwa jua siku moja au mbili mpaka vilegee na kukunjamana. Baadaye huchanganywa na pilipili, thomu, bizari ya manjano, haradali kwa anayeipenda, pamoja na siki au maji ya ndimu, na mafuta yaliyopashwa moto na kupoa yakamiminwa mpaka yafunike juu. Mambo mawili hayana msamaha. La kwanza, isipikwe wala isiwekwe katika sufuria ya alumini, kwa sababu uchachu huila alumini. Chombo kiwe cha kioo, cha udongo uliotiwa rangi ya kioo, au cha chuma kisichoshika kutu. La pili, kijiko kikavu. Shangazi aliweza kusamehe mambo mengi, lakini si mtu aliyechovya kijiko chenye maji katika chupa yake.

Embe iliyoiva ina hesabu nyengine, na hapa nawaomba wasomaji watulie nami kidogo. Kati ya kilo 10 za embe, ukitoa ganda na kokwa, nyama inayobaki ni kiasi cha kilo 6. Zaidi ya asilimia 80 ya nyama hiyo ni maji. Kwa hivyo vikishakauka vipande, mtu atabakiwa na kilo moja na ushei. Anayesikia habari hii huvunjika moyo, akasema amekausha pakacha zima akapata bakuli. Lakini pakacha lile kesho kutwa lingekuwa funza, na bakuli hili, likifungwa vizuri, litakaa miezi, litapanda meli bila ya kuharibika, na halihitaji umeme. Ila mwenye kupanga bei aijue hesabu hiyo kabla ya kuitangaza, asije akawalipa watu bei ya embe mbichi kwa kazi ya embe kavu.

Vipande vikatwe unene wa kiasi cha nusu sentimita au kupita kidogo, viwe sawa sawa, vichovywe katika maji ya ndimu ili visiwe vyeusi, kisha vitandazwe bila ya kupandana. Kuanika wazi juu ya paa kunawezekana, lakini vumbi, inzi na umande huchukua fungu lao. Sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenye nailoni nyeupe au kioo juu, na matundu ya hewa yaliyozibwa kwa wavu, moja chini na jengine juu upande wa pili ili hewa ya moto ipande na kutoka na unyevu, linaweza kutengenezwa na seremala yeyote wa kijijini. Trei ziwe za wavu wa plastiki au kamba, si za bati linaloshika kutu. Kipande kilichokauka hukunjika bila ya kuvunjika na hakitoi maji kikibanwa. Hata hapo kazi haijesha: vipande hutiwa katika chupa iliyofungwa kwa muda wa wiki moja na kutikiswa kila siku, na matone ya maji yakionekana ndani ya kioo, basi hurudishwa juani. Embe zenye nyuzi nyingi zisipotezewe muda huu, bali zichujwe kwa jamu au kwa kinywaji.

Kuhusu rojo la embe iliyoiva linalotiwa katika chupa na kukaa miezi bila ya barafu, napenda niwe mkali. Wataalamu hupima uchachu wa chakula kwa kipimo kinachoitwa pH, na wanasema chakula kilichofungwa kisipitishe 4.6, kwani juu ya hapo kijidudu cha botulini kinaweza kuota ndani ya chupa na kutoa sumu isiyoonekana wala kunukia. Embe mbichi iko mbali chini ya mpaka huo. Embe iliyoiva sana inaweza kuukaribia au kuuvuka, na ulimi hauwezi kuipima, kwa sababu sukari huuficha uchachu. Hivyo basi mwenye nyumba asiye na kipimo afanye jamu, kilo ya nyama kwa sukari inayokaribia kilo na maji ya ndimu kadhaa, ichemke mpaka ishike, itiwe ya moto katika chupa zilizochemshwa. Rojo la kuweka kwa miezi liachiwe mahali penye kipimo. Siki ya embe nayo nimeiacha kando kwa makusudi: maji ya embe hulewesha kwanza kabla ya kuwa siki, na jambo hilo nawaachia waliosoma fiqhi kunizidi.

Liko jambo jengine linaloufanya uozo huu usiwe wa mwenye shamba peke yake. Mwaka 2003 aligunduliwa nchini Kenya inzi wa matunda mgeni kutoka Asia, ambaye mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, yaani mvamizi, na mwaka 2015 wataalamu wakathibitisha kuwa ndiye yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia. Ameenea Afrika kwa kasi, na visiwa vyetu havikusalimika. Jike hutoboa tunda na kutaga mayai ndani. Funza hula nyama, tunda likaanguka, naye akatoka na kuingia udongoni kugeuka inzi. Kila embe iliyoachwa ioze chini ya mti ni skuli ya inzi wa kesho, na hao wakimaliza embe huhamia katika mapera, machungwa na mastafeli ya jirani ambaye hana hata mwembe mmoja.

Kwa hivyo zilizokwisha haribika ziokotwe kila siku, zifukiwe kwa kina cha nusu mita au zaidi, au zifungwe katika mfuko usiopitisha hewa na kuachwa juani mpaka funza wafe. Mzee wangu wa beleshi, bila ya kujua, alikuwa akifanya nusu ya kazi hii. Shimo lake lilikuwa fupi tu. Na wale chungu wa maji moto wanaotuuma tukipanda mtini tusiwatilie moto. Mtaalamu M. J. Way aliwachunguza hapa hapa Zanzibar katika miaka ya 1950 na kuona jinsi wanavyoikinga minazi, na utafiti uliofanyika Benin na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miembe yenye chungu wa namna hiyo ilikuwa na madhara machache zaidi ya inzi wa matunda.

Sasa nirudi kwa wenye dhamana. Linapotajwa neno kuhifadhi, fikra za wengi hukimbilia kiwanda kikubwa chenye mitambo inayong'ara. Sitaki kumvunja moyo mwekezaji, lakini kiwanda kikubwa hutaka tunda la aina moja, kwa wingi ule ule, mwaka mzima. Sisi tuna miembe iliyotawanyika nyuma ya nyumba za watu, ya aina nyingi, na msimu wake mkubwa ni wa miezi michache kuanzia Novemba, ukifuatiwa na mdogo katikati ya mwaka. Mali ya namna hii hutaka kifuatwe nyumbani kwake. Banda moja katika shehia, lenye maji safi, meza za kuoshea, masufuria yasiyoshika kutu, masanduku ya kukaushia, mizani na kipimo cha pH, linaweza kufanya embe katika kaskazi, tungule zikifurika, na mashelisheli, mananasi na pilipili kwa wakati wake. Likiendeshwa na ushirika wa kina mama ambao tayari wanajua kuanika mwani, halitahitaji mkurugenzi.

Banda bila ya bei halitafaa kitu. Bei ya kilo itangazwe wakati miembe inapochanua, si zinapoanza kuanguka, na siku za kupokea zijulikane kwa sheha na kwa wananchi. Idara zinazohusika na usalama wa chakula na viwango ziwatembelee watengenezaji kabla ya msimu ili kuwaelekeza, maana kwa sasa mama mwenye chupa 40 za achari hukutana na ofisa kwa mara ya kwanza siku anapokatazwa kuuza. Nimepata kukaa katika mgahawa mmoja, siutaji, nikiletewa maji ya embe ya katoni kutoka ng'ambo mwezi wa Januari, na nje ya dirisha embe zilikuwa zikidondoka. Mhudumu aliponiona natazama nje, akasema kwa adabu, "Zile za mti zinachafua ua tu, bwana." Wenye hoteli hawataacha katoni kwa kuhutubiwa. Wanataka rojo lililopimwa, lenye tarehe, linalofika siku ile ile ya wiki.

Na iko sababu ya kuharakisha. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na katika mwaka 2030 inatazamiwa kuandama mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Wakati wa futari kila nyumba hutafuta kitu baridi cha kunywa. Wenye miti watakuwa na soko mlangoni mwao katika kilele cha msimu, na baada ya msimu watakuwa na chupa za kupeleka kwengine, ikiwa chupa hizo zitakuwapo. Leo chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana ni adimu mashambani kuliko embe yenyewe. Kina mama huosha chupa za jamu zilizotupwa na hoteli. Kuagiza chupa na vifuniko ni kazi ya miezi, na miembe huanza kuchanua katikati ya mwaka.